Kilomita Arobaini na Nne za Bagula

Mama Généreuse hakupanda baiskeli hata siku moja maishani mwake, lakini njia ile ya baiskeli aliijua kuliko barabara ya kwenda kazini. Inaanzia San Candido, mji mdogo wa Italia ulio juu milimani, inashuka pamoja na mto uitwao Drava, inavuka mpaka na kuingia Austria, inapita Sillian, Abfaltersbach na Mittewald, halafu inafika Lienz. Kilomita arobaini na nne, karibu zote mteremko. Majina hayo aliyatamka kwa namna yake, kwa ulimi wa Kishi, lugha ya kwao, uliosoma mpaka darasa la sita kwa masista, na jirani aliyemsikia pale Highview, kusini mwa Louisville, Amerika, angedhani mama huyu anataja majina ya watakatifu.

Ramani ilikuwa ukutani juu ya meza ya kulia, imebandikwa pembe zote nne. Ni ile wanayopewa wageni bure: mto umechorwa kwa buluu, njia kwa rangi nyekundu, na pembeni kuna vipicha vidogo vidogo, kitanda mahali pa kulala, kikombe mahali pa kahawa, spana mahali pa kutengenezesha tairi. Aliyemtumia kwa posta ni Bagula, mwanawe wa pili, mwenye miaka ishirini na saba, aliyekuwa akifanya kazi huko San Candido kwenye karakana ya baiskeli za kukodisha huku akingojea Waitalia waseme kama watamkubali kuwa mkimbizi au la.

Kila Jumapili, mama akishatoka kanisani na kuvua kitenge cha kutokea, Bagula alimpigia simu. Huku Louisville ilikuwa mchana, huko kwake jua lilikuwa linaingia nyuma ya milima. Alimsimulia njia kipande kwa kipande. Pale mwanzo, mto ni mwembamba kiasi kwamba mbuzi anauruka. Njia yenyewe imetiwa lami laini, magari hayaruhusiwi, na reli inakwenda sambamba nayo bonde zima. Watu wanatoka nchi za mbali, wanakodi baiskeli asubuhi, wanashuka taratibu mpaka Lienz, wanaziacha pale stesheni na kurudi kwa treni. Wengine wana mikoba miwili imening'inia pembeni mwa gurudumu la nyuma, hao hawarudi. Wanaendelea na mto wiki mbili, leo wanalala hapa kesho kule. Wazee wa miaka sabini wanapanda. Watoto wachanga wanavutwa nyuma kwenye vigari vyenye pazia.

"Sasa banabeba nini?" mama alimuuliza siku ya kwanza.

"Hakuna, mama. Banabeba miili yabo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baiskeli isiyobeba kitu! Kwao Walungu, mashariki mwa Kongo, baiskeli ilikuwa punda. Marehemu mume wake, Birindwa, alikuwa na moja nyeusi ya chuma, aliyoifungia mti mnene kwenye karia ili ibebe mikungu minne ya ndizi mpaka Bukavu. Kwenye kilima hakupanda, alisukuma, kifua kimelalia mzigo, na kwenye mteremko breki ilikuwa soli ya kandambili iliyobanwa kwenye tairi. Alirudi jioni na vumbi limemkaa kwenye kope. Bagula alijifunza kazi kwake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja akiweza kunyoosha rimu kwa kusikiliza tu inavyokwaruza, na wale Waitalia wenye karakana, waliokuwa na mashine ya kazi hiyo, walimwachia aifanye kwa sikio.

Kilomita nane chini ya San Candido kuna mpaka na Austria: kibao cha buluu chenye nyota. Hakuna geti, hakuna askari, ni kibao tu na majani, na ng'ombe wa huku na wa kule wamevaa kengele za namna moja. Hapo ndipo karatasi ya Bagula, ya kukaa Italia tu, ilipokoma. Tajiri wake alimtuma kusindikiza makundi ya wageni kwa ajili ya pancha, naye alikwenda nao mpaka kwenye kibao, akawapa mpira wa ndani wa akiba na pampu, akageuza na kupanda mlima peke yake. Siku moja Mjerumani mzee alimtania kwamba kijana mzima anachoka kabla ya babu yake. Bagula alicheka pamoja nao. Alimsimulia mama yake jambo hilo kama kichekesho, ila mama hakucheka.

Kwa hiyo kilomita nane alizijua kwa magurudumu. Zile thelathini na sita zilizobaki alizijua kama mama yake alivyozijua, kwa ramani na kwa maneno ya watu waliorudi na treni.

*

Mambo ya karatasi yalikuwa hivi. Usiku mmoja watu wenye silaha walivamia kwao Walungu, wakaua wengi, Birindwa akiwa mmojawapo. Mama Généreuse alikimbia na watoto wake watatu, Nshombo mkubwa, Bagula, na Séphora kitindamimba, wakatembea na kupanda malori mpaka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Huko Bagula hakutulia. Alipata baiskeli, akawa anabeba matoke na abiria Mbarara, halafu Kampala, halafu wakasikia yuko Juba, halafu hawakusikia tena kitu.

Ndipo likaja jina lao kwenye orodha ya kwenda Amerika. Watu wa kambi wana elimu yao, na elimu hiyo ilisema: usitaje mtoto aliyesafiri. Mama Nyarugabo, jirani wa hema la tatu, alisema ukweli kwamba mwanawe ameenda kutafuta kazi. Faili lake likawekwa pembeni mpaka mwanawe arudi ahesabiwe, na mwaka wa tatu ulikuwa unakatika angali anangoja. Basi walipomuuliza Mama Généreuse, mbele ya mwanamke mzungu mwenye kalamu mbili, ana watoto wangapi, alisema watatu, na mmoja alikufa na baba yake usiku ule ule. Alilia alipolisema. Mwanamke yule alimpa kitambaa cha karatasi cha kufutia machozi na kuandika. Machozi yalikuwa ya kweli, kwa maana alishaanza kuamini kuwa huenda Bagula amekufa kweli.

Walifika Amerika mwaka wa 2010, mwezi wa tatu. Miaka miwili baadaye simu ililia, namba ya Libya, na sauti ikasema, mama, ni mimi.

*

Julai ya 2015 Waitalia walimkatalia Bagula mara ya kwanza. Tume yao ya wakimbizi ilisema haiamini kama ametoka Walungu kweli. Huenda ametoka mahali pengine pasipo vita. Alipewa nafasi ya kusimama mbele ya hakimu mwezi wa kumi. Mwanasheria wake, mama mmoja aitwaye Béatrice, alimwambia jambo moja tu lingemwokoa: karatasi kutoka kwa ndugu zake walio nje, inayoonyesha kwamba familia yake ilikubaliwa kuwa ya wakimbizi kwa sababu ya usiku ule ule. Bagula alimwambia mama yake habari hiyo kwa furaha, kama mtu aliyepoteza ufunguo akakumbuka uko kwa mwenzake.

Mama alikwenda chumbani. Karatasi zake zote alizitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, chini ya kitanda. Alitoa ile ya kwanza, akavaa miwani. Jina lake. Chini yake Nshombo na Séphora. Chini yao tena mstari, na chini ya mstari majina mawili, Birindwa na Bagula, na neno lile lile moja mbele ya yote mawili: amekufa.

Hakumwambia. Hapa msomaji atashangaa, lakini mtu aliyekaa Nakivale hawezi kushangaa. Kambini kulikuwa na sheria isiyoandikwa: faili halisemwi kwenye simu. Kuna mtu wa upande wa Burundi, Nshimirimana, aliyezungumza habari za faili lake kwa simu akiwa kwenye foleni ya maji, na mwezi haukuisha kesi yake ikafungwa. Kama simu ndiyo iliyomfunga au ni kitu kingine, hakuna aliyejua. Ila tangu siku hiyo watu walisema mambo ya faili uso kwa uso tu, na redio ikiwa imewashwa. Mama Généreuse aliondoka na sheria hiyo kambini kama alivyoondoka na sufuria zake. Alirudi kwenye simu, akasema, nimekusikia, mwanangu, nitaleta. Bagula akamwandikia anuani ya ofisi ya mwanasheria, ili barua iende huko moja kwa moja isichelewe, na wakaanza kuzungumza habari za mvua iliyobomoa kidaraja cha mbao karibu na kijiji cha Versciaco.

*

Mama aliomba ruhusa ya wiki moja kwenye dobi kubwa alikokuwa akikunja mashuka ya hospitali, akapanda basi kwenda Columbus kwa Séphora. Ramani aliibandua ukutani akaenda nayo kwenye mkoba, sababu hakuijua mwenyewe.

Séphora alimpokea vizuri sana. Alipika sombe ya majani ya muhogo, akatandika kitanda chake kwa ajili ya mama na yeye akalala kwenye kochi. Alikuwa akifunga viatu kwenye maboksi katika ghala moja kubwa, na vidole vyake vilikuwa vimekauka kwa karatasi ya maboksi. Ukutani kulikuwa na picha ya mume wake, Kataliko, aliyefunga naye ndoa Nakivale miezi miwili kabla ya safari, na ambaye alikuwa bado huko huko. Miaka mitano. Sasa mwisho ulikaribia: ameshapimwa kifua na damu, amebakiza kuitwa.

Mama alieleza alichokuja nacho. Alitaka kwenda kwenye ofisi ile iliyowapokea, aseme, nilidanganya juu ya mtoto mmoja, nisahihishieni, halafu achukue karatasi iliyo safi aipeleke Italia. Séphora alisikiliza akiwa anachambua mchele, na mchele ulishakuwa safi lakini aliendelea kuuchambua.

"Mama," alisema mwishowe, "siku utasema Bagula iko muzima, bataniuliza na Kataliko ni nani, kama ni bwana yangu kweli."

 Séphora aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hasemi hapana. Anasema waende Buffalo wamsikie kwanza Nshombo, yaya wake, yaani kaka yake. Yaya ni mkubwa, tangu baba afe ndiye anayekalia kiti chake, na neno la familia halitoki bila yeye.

Jumamosi walikwenda kwa gari la Séphora, saa tano za barabara iliyonyooka. Mama alikaa mbele, ramani imekunjwa mapajani. Kila walipopita daraja alitazama chini kuona maji yanaelekea wapi. Mito ya huku ilikuwa mipana na ya rangi ya chai, imelala tu, haina haraka ya kwenda popote. Walipokaribia Cleveland alimuuliza Séphora kama kuna mahali watu wa huku wanapanda baiskeli bila mzigo, kufuata mto. Séphora alisema nadhani wapo, mama, mimi sijapata siku ya kuangalia.

*

Nshombo alikuwa amenunua nyumba Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zilipita chini chini mpaka vikombe vikatikisika kwenye sahani. Mlangoni mwa chumba ilining'inia suti mpya ndani ya nailoni. Baada ya wiki tatu alikuwa aape kuwa raia wa Amerika, na mke wake Patricia alishatuma mialiko kwa watu wa kanisa. Watoto wake watatu walimkumbatia koko, bibi yao, wakamjibu Kiingereza kila alichowauliza kwa Kiswahili. Wa kati aliona ramani, akauliza ni ya nini. Mama akasema ni njia anayopita baba yenu mdogo, Bagula. Mtoto akamgeukia mama yake na kuuliza kwa Kiingereza Bagula ni nani. Patricia akawatoa wote nje wakacheze.

Walikaa mezani, watu wanne. Mama alisema yake yote, polepole, bila kuruka kitu, na aliyasema vizuri kuliko alivyoyasema Columbus, kwa kuwa njia nzima alikuwa akiyapanga. Aliwaambia habari ya kibao cha buluu na ya mzee Mjerumani. Nshombo hakumkatiza. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mgongo ulioharibiwa na kazi ya kupakua mizigo, na alipenda ndugu yake; ndiye aliyembeba mgongoni usiku wa Walungu, Bagula alipoumia mguu. Hilo lilijulikana mezani pale bila kutajwa.

"Bon," alisema. "Mama, ile faili iko moja kwa sisi wote. Ni kama paa ya mabati. Ukitoa musumari moja, upepo utajua."

"Ni mimi nilidanganya. Si ninyi."

"Na mimi nilikuwa mutu mukubwa, miaka makumi mbili na tano. Baliniuliza nami. Nilisema sawa na wewe."

Mama hakuwa amekumbuka hilo. Walimwita Nshombo chumba cha pili peke yake, naye akatoka macho mekundu, na hawakuulizana kamwe alisema nini.

Patricia ndiye aliyetoa wazo la Eliaichi. Huyu alikuwa Mtanzania, mwenyeji wa Moshi, anasomea sheria chuo kikuu kule Amherst, na alisali nao mara moja moja. Alikuja alasiri ile ile, kijana mwenye viatu vilivyopakwa rangi, akamwamkia mama shikamoo kwa kuinama, na mama, ambaye kwao hawana desturi ya kuitikia marahaba, akamwambia asanti. Walimweleza jambo lote. Aliwaambia wazi kwamba dawa ni kumtafuta mwanasheria na kusema ukweli mapema, kabla Nshombo hajaapa. Ni kweli kuna hatari, hawezi kuwaficha, lakini uwongo wa namna hii ukisemwa na mwenyewe huwa mwepesi kuliko ukigunduliwa. Nshombo aliuliza, kama ingekuwa wewe na watoto watatu, ungeingia kwenye hatari hiyo? Eliaichi alitazama meza.

Kisha Nshombo akasema neno lake, lile walilokuwa wamelingoja. Mama ataandika barua kweli. Atashuhudia usiku wa Walungu, siku, mahali, majina ya waliouawa, kila kitu alichokiona kwa macho. Ila hataandika kama mama. Ataandika kama mama mdogo. Bagula ni mtoto wa dada yake. Kwa hiyo hayumo kwenye faili, na Bagula aliyekufa ni mwingine. Ukoo mmoja una akina Bagula wangapi? Hakuna atakayeumia, na huko Italia watapata shahidi.

"Mama mudogo naye ni mama," alisema Nshombo. "Haiko uwongo sana."

Mama alitazama ramani iliyokuwa mezani kati ya vikombe. Akauliza kama ni lazima huyo dada awe amekufa. Nshombo akasema ni lazima. Angekuwa hai, wangetaka barua yake.

Eliaichi alichukua kalamu. Kabla ya kuandika aliuliza swali moja, na baadaye Mama Généreuse alilikumbuka siku nyingi. "Mama, samahani. Na kijana mwenyewe ameshawaambia nini kule kuhusu mama yake?"

Wale watatu wa Nakivale walitazamana. Nshombo akamjibu kwa upole, kama unavyomweleza mgeni mahali choo kilipo, kwamba mambo ya faili hayasemwi kwenye simu. Eliaichi alitaka kubisha, lakini akavuta karatasi. Hakuwa mtu wa kambi, na alikuwa nyumbani kwa watu.

Basi mama alisema na kijana akaandika. Mimi ni Généreuse, dada mdogo wa mama yake Bagula. Dada yangu aliitwa Germana. Jina hilo alilitoa kwa dada yake wa kweli aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne, kwa kuwa hakutaka kumwua mtu aliye hai. Alieleza nyumba ilivyokuwa, mlango wa upande wa migomba, taa ya chupa, baiskeli nyeusi iliyoegemezwa ukutani ambayo wale watu waliichukua. Alieleza jinsi dada yake Germana alivyoanguka kizingitini. Alieleza vizuri sana. Patricia alifuta macho. Siku iliyofuata barua ilikwenda posta, kwa ile njia ya haraka, ikiwa na sahihi ya mama, herufi za mviringo za darasa la sita, kila moja imekaa kwenye mstari.

*

Septemba Nshombo aliapa. Mama aliona picha, suti ilimkaa vizuri, na watoto wote watatu walishika vibendera. Oktoba, tarehe kumi na tatu, Bagula alisimama mbele ya hakimu.

Alipiga simu Jumatano, siku ambayo hakuwa na kawaida ya kupiga. Mama alikuwa kazini, akatoka na kusimama kati ya matoroli ya mashuka. Bagula alimsimulia kwa utaratibu, kama anavyosimulia njia. Chumba kilikuwa kidogo. Hakimu alikuwa na baridi, alivaa skafu. Tangu siku aliyoshuka melini alikuwa amewaambia neno moja, kwamba baba yake aliuawa na mama yake yuko hai, anaitwa Généreuse, anakaa Louisville. Na mwezi wa tisa, ili kuthibitisha, alimpa Béatrice ujumbe wao wote wa simu, Jumapili kwa Jumapili, ukatafsiriwa. Halafu hakimu akafungua barua iliyotoka Amerika, ambayo Béatrice hakuweza kuisoma kwa kuwa ni ya Kiswahili. Mkalimani akaisoma kwa sauti.

"Nikasikia umekufa," alisema Bagula. "Kizingitini."

Mama alishika toroli.

"Bakaniuliza, kati ya hizi mbili uwongo ni ipi. Nikitaja yako, nimekuharibia huko. Nikitaja yangu, nimejiharibia mimi. Nikasema sijui."

 Nyuma yake kulisikika gurudumu linazunguka lenyewe, likipunguza mwendo.

"Mama, nani alikwambia ufe?"

Alitaka kumwambia yote, faili, mstari, majina mawili chini ya mstari. Lakini simu ilikuwa mkononi, na sheria ya kambi ilikuwa bado sheria. Alisema, tutazungumza, mwanangu. Bagula akasema sawa.

Jibu la hakimu lilitoka baada ya wiki mbili na nusu. Hapana. Ushahidi unapingana. Béatrice alisema kuna mlango mwingine wa rufaa, ila alisema akiwa anapanga karatasi, hamtazami usoni, na Bagula alishajifunza kusikiliza rimu inapokwaruza.

Ilikuwa mwisho wa msimu. Theluji ilishashika vilele na karakana ilikuwa inafungwa. Baiskeli za mwisho zilipaswa kukusanywa. Kundi la mwisho lilikuwa la wazee kumi na wawili, wastaafu wa shirika la reli, na Bagula aliwasindikiza kama kawaida, amevaa koti la njano la karakana na kofia ngumu. Kwenye kibao cha buluu aliwapa mpira wa akiba na pampu. Kisha akaendelea nao.

Haya alimwambia mama yake mwenyewe, Jumamosi hiyo hiyo kwa simu, akiwa Lienz. Alisema hakuna aliyemtazama. Magari ya polisi yalikuwa barabara kuu, yanapekua malori. Kwenye njia ya baiskeli palikuwa na bata tu. Alisema Sillian kuna ngome kwenye kilima, ndogo kuliko ilivyo kwenye ramani. Abfaltersbach alipita harufu ya mbao mbichi. Baada ya Mittewald bonde linabana, mto unapiga kelele, na miguu haina kazi, baiskeli inakwenda yenyewe, na alikuwa hajui kuwa zile kilomita zote walizomsifia wageni zilikuwa kweli. Baiskeli ameiacha stesheni mahali pake, ameifunga, ufunguo ameutia kwenye kisanduku, tajiri asije akasema ameiba. Wazee wale wamempa mkate na jibini. Wao wamepanda treni.

Mama alimuuliza anakwenda wapi.

"Sitakuambia, mama. Nisipokuambia, hutakuwa na kitu cha kuficha."

Alisema bila hasira. Mama alisikia maji, mengi, mito miwili inakutana hapo mjini, Bagula alikuwa amemweleza zamani. Alimwambia avae kitu kizito kifuani. Akamwambia ukweli ule, hatimaye, maneno matatu manne, haraka haraka, kwamba kule Nakivale alimwandikisha amekufa. Hakujua kama alisikia. Simu ilikuwa imekatika, na alipopiga tena ikawa imefungwa. Alipiga Jumapili. Alipiga Krismasi.

*

Kataliko alifika Januari. Mama alikwenda Columbus kumpokea, akampikia samaki. Alikuwa kijana mwema, mwenye aibu, anayeosha vyombo bila kuambiwa, na alimwita mama kwa kila sentensi. Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi zaidi.

Mwezi wa nne wote wawili walikuja Highview kumsaidia mama kujaza fomu yake ya uraia. Kataliko alifanya chai. Séphora alisoma swali kwa Kiingereza, akalitafsiri, akaandika jibu, na walikwenda hivyo ukurasa kwa ukurasa, tarehe, anuani, kazi. Wakafika kwenye watoto. Fomu ilitaka wote, walio hai na waliokufa, na kwa kila mmoja ilitaka mahali anapoishi.

Séphora aliandika Nshombo, Cheektowaga. Aliandika jina lake, Columbus. Halafu aliandika Bagula, polepole, na kalamu ikasimama kwenye nafasi iliyo wazi.

"Mama," alisema. "Lazima ifanane na ile ya kwanza."

Mama Généreuse alikuwa na miezi sita hajasikia sauti ya Bagula. Huko milimani baridi ilikuwa imepungua na theluji imerudi vileleni, watu walikuwa wanaanza kukodi baiskeli tena. Safari hii hakujua kama lile neno lingekuwa uwongo.

"Andika," alisema.

Séphora akaandika. Mama akavaa miwani, akavuta karatasi kwake, akasoma mstari ule kwa kidole mpaka mwisho, kisha akatia sahihi mahali alipoonyeshwa.